Wembe wa Mama Pini na Ua la Wifi

Mama Pini alikuwa fundi cherehani, na droo ya duka lake ilikuwa mdomo wake. Pini humo, ncha ya uzi humo, kifungo kinachosubiri shati lake humo. Kona ya kushoto ilikuwa makazi ya nusu wembe wa kufumulia. Mtu mwingine akiweka wembe mdomoni mtamshika mikono na kuita majirani. Yeye aliuweka kama wewe unavyotia mkono mfukoni, tena akakusema vizuri tu, kila neno limenyooka, hakuna lililokatika. Wateja walikuwa wanasema siku ya kuhojiwa mbinguni atajibu na pini mdomoni, na malaika wataomba arudie taratibu.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ya kukanyaga imekaa chini ya dirisha pana, dirisha linatazama barabara, na mlango wa nyuma unaingia jikoni. Kwa hiyo akisema jambo pale kwenye kiti chake, linatoka dirishani linafika kwa fundi viatu ng'ambo ya pili, na linapita mlangoni linafika kwenye sufuria. Mkumbuke hilo.

Jikoni alikuwepo mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe ni dereva wa lori, alioa, akamleta mke kwa mama yake, akashika usukani akaenda zake. Binti mwembamba, ana adabu mpaka zinakera, anatembea kama anaogopa kuiamsha sakafu. Kupika alikuwa anajua na hajui. Chumvi alikuwa anaitia kwa woga. Leo anatia kidogo, anasemwa, kesho anatia ya leo na ya jana pamoja.

Na Mama Pini hakuwa mtu wa kumeza neno. Akionja tu, anageukia dirishani.

"Jamani! Mke wa mwanangu ataniua na mchuzi wake! Mkisikia nimekufa msihangaike kuuliza nani, njooni moja kwa moja jikoni!"

Fundi viatu anacheka mpaka anaangusha nyundo. Wapita njia wanacheka. Mteja anayepimwa kiuno anacheka, kipimo kinaharibika. Ulikuwa utani wa kila mchana, na kila mchana Mama Pini alikomba sahani mpaka ikang'aa. Kule jikoni hakuna aliyekwenda kutazama kama binti naye anacheka.

Sasa kulikuwa na wifi. Dada wa marehemu mumewe, anakaa mtaa wa nyuma, hana mtoto wa kumsumbua wala kazi ya kumchosha. Kila siku anafika na mkoba wake mkubwa, anakalia stuli ya wateja kama ameajiriwa kuikalia. Huyu alikuwa amemchagulia yule dereva mchumba, binti wa rafiki yake, mnene, ana cheti cha mapishi. Kijana akaleta huyu mwembamba. Wifi akatabasamu kwa meno tu, macho yakabaki yalivyo, na hayajabadilika mpaka leo.

Wifi ndiye aliyeleta ua.

"Duka lako limekauka, wifi, kama stoo ya magunia. Mteja akiingia anaona nini? Vitambaa na wewe. Nimekuletea pambo."

Na kweli lilikuwa pambo, tusilionee. Majani mapana kama sahani bapa, pembeni kijani kibichi, katikati yamekuwa meupe meupe kama mtu kayamwagia maziwa yakatapakaa. Shina nene, lina pingili kama muwa. Alilikata kwa mama mmoja mwenye sebule nzuri, akalichomeka kwenye kopo la rangi lenye udongo, akaliweka dirishani kando ya cherehani. Jina lake hakuna aliyelijua. Ua la ndani, basi. Likaota kama lina mashindano na mtu. Kila akija wifi analipangusa vumbi kabla hajatusalimia.

"Mtu asiniguse ua langu," anasema. "Hasa wenye mikono ya jikoni."

Siku yenyewe shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Sare za bluu zimetundikwa mpaka kwenye kitasa cha mlango, wazazi wanapiga hodi kama wanadai roho. Binti akaleta chakula, wali na mchuzi wa kuku. Akamkaribisha na shangazi wa mumewe, maana wifi alikuwa kwenye stuli yake.

"Ahsante, mwanangu," wifi akasema. "Mimi nimeshiba kwa kutazama."

Mama Pini akaonja, akageuka dirishani. "Jamani! Leo ameamua! Chumvi ya wiki nzima ameileta kwa mkupuo! Mtanizika kesho!"

"Tutakuja na jembe letu!" fundi viatu akajibu.

Akala akamaliza. Akaisukuma sahani pembeni kwa kiwiko, akarudi kwenye cherehani. Kulikuwa na shati la mtoto, mkono wa kulia umeshonwa nje ndani, lazima ufumuliwe. Na kulikuwa na jani la lile ua, limeinama juu ya gurudumu la cherehani, kila akikanyaga linampapasa shavu. Alilivumilia asubuhi nzima. Akamtupia jicho wifi, akamwona amezama kwenye simu. Akachomoa nusu wembe, akalikata jani kwenye kikonyo chake, chwaa, akalizamisha ndani ya kapu la vitambaa chakavu. Kisha akaurudisha wembe nyumbani kwake, kona ya kushoto ya mdomo, na maji yake ya jani vilevile, apate mikono miwili ya kugeuzia shati.

Hakufika popote na hilo shati.

Moto uliwaka mdomoni kama amelamba pasi. Akautema wembe. Akashika shavu, akashika midomo, midomo ikawa inakua mkononi mwake kama maandazi kwenye mafuta. Ulimi ukanenepa ukawa soli ya kiatu. Udenda ukaanza kutiririka kwenye kifua cha gauni. Akafungua kinywa aseme, na kile kinywa, kilichokuwa kinasikika ng'ambo ya pili ya barabara bila kujitahidi, kikatoa: "Bwa."

Wifi akainua uso kutoka kwenye simu. Akamwona. Akaiona sahani.

"Amemuua!" akapiga yowe. "Njooni! Amemuua kweli! Mimi nilijua, ndiyo maana sikula!"

Fundi viatu akavuka barabara na kiatu cha mtu mkononi. Mama muuza mkaa akaja. Mteja wa sare akaja. Binti akatoka jikoni ana mwiko, akasimama mlangoni, na wote wakamgeukia. Na hakuna mtu pale aliyehitaji kuelezwa, maana walishaelezwa kila mchana, dirishani, na mgonjwa mwenyewe.

"Si alikuwa anasema?" mama wa mkaa akanong'ona.

"Alikuwa anasema," fundi viatu akakubali, na safari hii hakucheka.

Mama Pini, tusifiche, naye alipepesa jicho moja kwenye sahani. Lakini akakumbuka binti alikula kwenye sufuria ileile, amesimama mlangoni kama kawaida yake, tena yeye ndiye aliyeanza. Kama ni mchuzi, mbona yule mwingine yu mzima? Akatikisa kichwa kwa nguvu zake zote. Akapunga mikono. "Bwa! Bwa bwa!"

"Mnamwona?" wifi akasema. "Anathibitisha!"

Kumbe kuna adhabu mbaya kuliko kufa, nayo ni kusemewa na wifi yako ukiwa hai.

Wifi akajaza kikombe maji, akayatia chumvi konzi nzima. "Mshikeni kichwa, atapike hiyo sumu!" Hapo binti akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, akakimwaga nje ya dirisha.

"Ulimi umevimba vile, shangazi. Atapaliwa. Twende zahanati."

"Unamwaga dawa! Jamani anamwaga dawa, mbele yenu!"

Wifi akampigia simu kijana palepale, spika imewekwa juu ili mtaa usikose kitu.

"Mwanangu, kaa kitako."

"Shangazi, naendesha."

"Basi egesha. Mkeo amemlisha mama yako sumu."

 Honi ya lori la mwenzake ikapita. "Mpe mama simu."

Mama Pini akaidaka simu kwa mikono yote miwili. Alitaka kusema: mwanangu, shangazi yako ana wazimu. Ikatoka: "Bwaa. Bwa-bwa-bwaa."

"Umesikia?" wifi akaipokonya. "Anakwambia kwa kinywa chake!" Akakata. Akamgeukia binti. "Panga nguo zako. Tukirudi nisikukute hapa. Hao waliokuzaa wakufundishe upya."

  Binti akachukua kipande cha kitambaa cheupe juu ya meza, akakikunja, akamwekea mama mkwe wake chini ya kidevu kudaka udenda, akamshika mkono, wakatoka. Wifi akatangulia mbele na mkoba, anawasimulia wapita njia.

Na njia nzima kile kitambaa hakikuondoka kidevuni. Kikilowa anakigeuza upande mkavu. Mama Pini alikuwa analiona hilo, jicho la pembeni, na maneno ya kila mchana yakawa yanamrudia moja moja.  

Zahanati ilijaa. Benchi lote watu, na mlango wa chumba cha daktari umeachwa wazi kwa sababu ya joto. Daktari mwenyewe ni msichana wa miwani, ana haraka kama mtu ambaye chungu chake kinataka kuungua. Alipomwona Mama Pini akamwita mbele ya foleni. Akamulika kooni na tochi, akasikiliza kifua.

"Pumzi inapita vizuri? Koo halibani?"

Mama Pini akaitikia kwa kichwa, kisha akakitikisa.

"Vizuri. Basi hatufi leo." Akampa maji asukutue na kutema, tena na tena, kisha maziwa baridi ayanywe kidogo kidogo. "Amekula nini?"

Wifi akasogea. "Mchuzi, daktari. Wa huyu hapa. Mimi mwenyewe nilikataa, maana nilihisi..."

"Nimemuuliza yeye."

"Hawezi kusema."

"Mikono anayo. Mama, nionyeshe. Ulianza kula, halafu? Kila kitu kilichofika mdomoni."

Basi Mama Pini akasimama katikati ya chumba. Akashika sahani ya hewa, akala. Akapiga tumbo, akakunja uso, akainua kidole: chumvi.

"Chumvi imezidi!" mzee mmoja wa kwenye benchi akasema kwa sauti. Foleni ikakubali.

Akakaa kwenye kiti cha hewa, akakanyaga.

"Baiskeli!"

"Cherehani, wewe. Humwoni ana futi shingoni?"

Akachomoa kitu, akakiweka pembeni ya mdomo. Daktari akavua miwani. "Hicho nini?"

"Wembe," binti akajibu. "Huwa anakaa nao."

"Wembe? Mdomoni?" Daktari akavuta pumzi kama mtu anayehesabu kwanza asije akatukana. "Na kabla ya kuuweka, ulikata nini?"

Hapo Mama Pini akasita. Akamwangalia wifi. Maana kuonyesha kulikuwa ni kujishitaki. Lakini akamwona na binti, na kitambaa kimelowa mkononi mwake, na akakumbuka lile neno "panga nguo zako". Akanyanyua mikono, akachora hewani kitu kipana, chenye ncha.

"Samaki!" mzee akasema.

Akatikisa kichwa. Akakichora kinaning'inia, kinampapasa shavu.

"Sikio la tembo!"

"Mzee, tembo kaingia lini dukani?" mwenzake akamkemea.

Wifi alishajua. Alijua kabla ya samaki. Alikuwa anafungua mkoba na kuufunga, anatafuta kitu ambacho hakimo. Binti ndiye aliyesema.

"Ua! Jani la ua la shangazi!"

Mama Pini akapiga makofi. Foleni nayo ikapiga makofi, mpaka mwenye jino bovu akapiga.

"Umekata ua langu?" wifi akauliza. Katika yote yale, hilo ndilo lililomuuma. Mtu wa kumsamehe huyo atafutwe kwingine.

Daktari akamtuma binti alete ua na jani lenyewe, akamwambia alitie kwenye mfuko, utomvu usimguse. Akarudi amelikumbatia lile kopo la rangi, majani yanawapungia watu barabarani, jani lililokatwa liko kwenye mfuko wa plastiki. Daktari hakuligusa. Aliliinamia tu.

"Hili hapa. Madoa meupe katikati ya jani, shina la pingili kama muwa. Linaitwa diefenbakia."

"Difa nini?" mzee wa benchi akauliza.

"Diefenbakia. Linapendeza, watu wanalipanga sebuleni na maofisini, halijui dhambi mpaka ulitafune. Ndani ya majani na shina kuna vijisindano, vidogo kuliko vumbi, macho hayavioni. Vikigusa mdomo vinachoma papo hapo. Ulimi unavimba, udenda unatoka, sauti inakwenda. Uvimbe ukishuka kooni pumzi inabanwa, na hapo si mchezo, ni kukimbilia hospitali. Utomvu ukiingia jichoni ni balaa, osha na maji mengi uje uonwe. Kwenye ngozi unawasha. Mtoto anayetambaa, paka, mbuzi, wote wanaumizwa. Na mtu akilitafuna asitapishwe. Mlimtapisha?"

"Shangazi alitaka," binti akasema polepole. "Nilimwaga yale maji."

"Ulifanya vizuri. Kinachounguza kikipanda tena kinaunguza mara ya pili." Akamgeukia wifi. "Na mchuzi ungekuwa na shida, na aliyeupika na kuuonja angekuwa mgonjwa naye, mama."

Mama Pini alikuwa bado yuko kwenye neno vijisindano. Maisha yake yote na sindano, haikuwahi kumchoma hata moja mdomoni, leo amechomwa na mboga ya kupamba dirisha. Akaanza kucheka. Kicheko kilitoka vibaya, na udenda ndani yake, lakini kilikuwa kicheko. Kisha akakikatisha. Akachomoa simu kwenye mkoba wa wifi, mkoba si ulikuwa wazi, akampa mwenyewe mkononi. Akaonyesha kidole kwenye simu. Akaonyesha sikio. Akaonyesha juu: spika.

"Nitampigia nikifika nyumbani, wifi. Simu haina chaji."

"Tumia yangu, mama," mzee wa benchi akasema, ameshainyoosha. Binti akaibonyeza namba ya mumewe.

Foleni nzima ikanyamaza kusikiliza. Hata mtoto aliyekuwa analilia sindano akasubiri.

"Mwanangu," wifi akasema, sauti imekonda. "Lile jambo. Si mkeo."

"Ni nani basi?"

"Ni ua."

"Ua? Ua la nani?"

Wifi akatazama dari. "La... la dukani."

"Bwa!" Mama Pini akasema, na kidole kikamgusa wifi kifuani.

"La kwangu," wifi akamalizia.

 "Shangazi," kijana akasema, "mpe mke wangu simu." Binti akaipokea, akageukia ukutani, akaongea chini chini, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe watu wakamsikia anacheka. Kumbe ana kicheko kinene, cha mtu mkubwa kuliko yeye.

Uvimbe ulishuka, lakini sauti ilichukua siku kadhaa kurudi, na mtaa haujawahi kupumzika vile. Wateja waliokuwa wanaogopa kurudisha nguo mbovu wote walirudisha wiki ile. Binti alikaa dukani kumsemea. Alimshonea kimto cha kuchomekea pini, cha kufunga mkononi kama saa, na kijifuko cha wembe kando ya cherehani. Mama Pini akavitazama vile vitu kwa dharau, akavigeuzageuza akitafuta mshono uliopinda. Hakuupata. Akavitumia.

Ua lilirudi, maana daktari hakusema litupwe, alisema liwekwe mbali na watoto na wanyama, lishikwe kwa glavu, na chombo kilicholikata kioshwe kabla ya kingine chochote. Likapandishwa juu ya kabati. Likapewa na jina, maana lile la daktari lilikuwa refu kama treni. Linaitwa Wifi. "Mwagilieni Wifi maji," wanasema. "Msimguse Wifi, atawavimbisha."

Wifi mwenye nyama akasusa kwa muda, kisha stuli ikamwita. Aliporudi ilikuwa mchana, chakula kimekuja, na Mama Pini ndiyo kwanza ulimi umemlegea. Fundi viatu akaacha nyundo. Mama wa mkaa akasogea dirishani. Wote walitaka kujua neno la kwanza litakuwa lipi.

Mama Pini akaonja. Akatafuna taratibu. Akageuka dirishani, na ile sauti yake ikavuka barabara kama haijawahi kuugua.

"Jamani! Mke wa mwanangu hajui kutia chumvi! Hajui kabisa! Lakini hakuna chakula duniani nitakachokula nikiwa na amani kama hiki, na atakayesema binti huyu ataniua, aanze kunitazama mimi machoni!"

Kutoka jikoni kile kicheko kinene kikalipuka, na sufuria ikaanguka nacho.

"Karibu chakula, wifi," Mama Pini akasema, akaisukuma sahani ya pili mbele ya stuli. "Au umeshiba kwa kutazama?"

Wifi akaitazama sahani, akalitazama kabati. Akachukua kijiko.

"Chumvi inatosha," akasema, mdomo umejaa.

"Muongo," Mama Pini akamwambia, akakanyaga cherehani.